Mgonjwa Niliyemkataza Kurudi

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, ila koti langu la kazi limechanika tena kwapani. Wauguzi wanasema daktari nimenenepa. Waongo.

Leo nimemruhusu binti mdogo wa fundi cherehani, aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Alipofika getini akageuka: "Daktari, nirudi lini?"

Nikapaza sauti: "Usirudi! Sitaki kukuona hapa tena!"

Mama yake akaduwaa, kisha tukacheka wote mpaka mlinzi akatoka kibandani.

Neno hilo la kurudi lilikuwa halinitoki mdomoni kabisa tangu vita. Kule kwenye uwanja wa ndege za vita nilikohudumu, rubani akiondoka tulimwambia "rudi", basi. Hata marehemu mumeo nilimwambia hivyo siku ile ya mwisho, akanipungia mkono akiingia kwenye ndege yake. Nilibaki uwanjani nimekodolea macho mbingu tupu, hadi wenzangu waliponishika mkono na kuniingiza ndani. Vita vilipokwisha nikasomea udaktari, na tangu hapo wagonjwa wanaopona nawasindikiza getini kimyakimya.

Sasa barua yako. Unaniuliza, kwa kuzungukazunguka kama kawaida yako, kama nitanuna ukiolewa tena. Dada! Nimeisoma kwa sauti jikoni, mpishi wetu akapiga vigelegele. Huyo mwalimu mchumba wako aambiwe mapema: nakuja, na nitakula sahani mbili.

Siku ukitoka na sanduku lako katika nyumba uliyoishi na marehemu, nitakuwa nimesimama mlangoni. Nitakwambia kama nilivyomwambia yule binti: nenda, dada. Usirudi.

Ni mimi mdogo wako,
niliyenenepa kidogo tu.