Nitaondoka Vifaranga Wakitoka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako naijua, ile ya kuivuta mwisho huku ukinikagua kama nimekonda, kwa hiyo nimeshajiitikia mwenyewe. Sijakonda. Baba ndiye aliyepungua kidogo, lakini anakula, na habari zake ndizo zilizonikalisha hapa kukuandikia.

Tumehama, mama. Tumeifunga nyumba ya kisiwani Songo Songo na nimemleta Baba huku Kitomanga, kwenye nyumba niliyojenga pembeni ya mikorosho yako. Tumekuja na kuku, na yule mbuzi mzee asiyezaa wala kukubali kuchinjwa, na paka. Hatukuacha kiumbe. Nakuambia hili mapema kwa sababu najua lingekuwa swali lako la kwanza, kabla hata hujauliza sisi wenyewe tumefikaje.

Kiumbe uliyemlisha humwachi nyuma. Ulikuwa ukilisema neno hilo kila mtu alipotaka kuhama na kuacha mbwa wake akizunguka uani. Na siku ilipofika zamu yetu ya kuhama, ukatuonyesha kwamba hukuwa ukisema tu.

Nilikuwa mdogo, tukiishi huku Kitomanga, lakini siku ile naiona. Baba alikuwa ameachiwa nyumba kisiwani na marehemu mama yake, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa bahari aliyeshika jembe kwa ajili yako tu, akasema sasa turudi kwao. Hukutaka. Hukulia wala hukugombana naye. Ulisema kama ni kwenda tutakwenda sote, na hesabu yako ya "sote" ikaanza na kuku. Baba akakusihi uwauze, akasema kisiwani kuku wapo tele. Ukamjibu, "Hao wa huko hawanijui." Yakaisha hapo. Wakaingia kwenye tenga, na yule wa kishingo, kipenzi chako mwenye shingo tupu, akawekwa juu ya wenzake apate hewa.

Mimi ukanipa cheo: mbeba paka. Paka wetu Haambiliki ulimtia kwenye kikapu cha ukili, ukafunga kanga juu, maana paka akiiona njia atairudia. Tukapanda lori la muhogo. Hukutosheka na kumfunika macho, ukanikataza hata kutaja kwa sauti majina ya mahali tunapopita, asije akayashika. Nilijitahidi sana. Lakini tulipofika Nangurukuru jina lenyewe lilikuwa tamu mno mdomoni, nikalisema mara mbili, na ule mfinyo ulionipa pajani naukumbuka mpaka leo.

Pale Somanga nahodha wa boti akagoma. Alisema hapakii paka, kwamba kila akipakia paka mashine humzimikia katikati ya maji. Ukarudi nyuma ya vibanda vya samaki, ukakitoa kikapu kitambaa cha chini, ukamfunga Haambiliki kama kichanga, kichwa na mwili, na ukaingia botini umempakata kifuani. Baba aliangalia baharini muda wote, amekaza uso kama shahidi wa uongo. Paka alipoanza kulia, ukaanza kuimba. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu akasikitika, akasema mtoto huyo ana kifua, apakwe mafuta ya nazi. Ukamshukuru kwa adabu zote. Tulipokaribia kisiwa, nahodha akainama, akaangalia mapajani mwako, akasema taratibu:

"Mama, mtoto wako ana mkia."

Boti nzima ilicheka mpaka tukashuka. Na mashine haikuzima.

Nyumbani kwa Baba ulifanya mambo yako kwa mpangilio. Paka ulimzungusha mafiga mara tatu, ukampaka mafuta ya nazi kwenye nyayo, ili akijilamba nyumba mpya imwingie na ya zamani imtoke. Baba akanyoosha mguu akakutania, "Ukimaliza naye, nipake na mimi." Ukamwambia yeye yuko kwao, asiharibu mafuta. Kuku ukawafunga kamba kwenye mguu wa kitanda, mmoja mmoja, ukisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walipozoea, ukawafungua.

Ila wewe hukuzoea. Niliona, mama, ingawa watu wazima hudhani mtoto haoni. Mzigo wako wa nguo ulibaki umefungwa nyuma ya mlango. Kila boti ilipoingia ulikwenda ufukweni kumuuliza nahodha anarudi lini Somanga. Uliniambia tunapumzisha kuku kwanza, halafu mimi na wewe tutarudi Kitomanga, kwenye mikorosho. Na kwa kuwa hukuwahi kumhamisha kuku aliyelalia mayai, uliyaokota yote, kila siku, asilalie hata mmoja, ukatuchemshia. Tulikula mayai mpaka nikayachukia. Yule wa kishingo alikuwa ameshaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua, anatafuta cha kulalia, na wewe humwachii hata moja.

Kisha asubuhi moja ukamkuta uvunguni mwa kitanda, ametulia tuli juu ya mayai. Ulimsema kwa Kimachinga, lugha ya kwenu uliyoiweka kwa ajili ya hasira na kwa ajili ya paka. Ukaingiza mkono chini yake, ukapapasa, ukarudia kupapasa. Halafu ukakaa kitandani na kusema, "Basi. Nitaondoka vifaranga wakitoka."

Wakatoka. Yai moja likachelewa, na kuku alipowatoa wanawe nje ukalichukua, ukaliviringisha kwenye kitambaa na kuliweka karibu na jiko, ukiligeuza kila mara kama andazi. Aliyetoka humo alikuwa na mdomo bapa. Nikakuuliza mbona huyu yuko hivi. Ukaniambia bahari humbadilisha kila mtu, na mimi nikaamini, nikaanza kujichunguza mdomo kwenye kioo.

Halafu vifaranga wakawa wadogo mno kuachiwa mwewe. Halafu mtetea mwingine akalalia. Mzigo nyuma ya mlango ukafunguliwa kutoa kanga ya arusi, ukafunguliwa tena kutoa shuka, na siku moja nikaona kile kitambaa cha kufungia umekifanya pazia. Ukajifunza kukausha pweza. Ukawa ndiye mtu ambaye kisiwa kizima kinamletea kuku wenye mafua. Mimi nilipokua na kurudi huku kuishika mikorosho yako, nilikuomba uje, hata kwa msimu mmoja tu wa korosho. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, vifaranga wakitoka, na sote wawili tulikuwa tukicheka.

Mwaka juzi uliondoka bila kumwomba ruhusa kuku yeyote. Kulikuwa na mmoja amelalia uvunguni siku ile. Baba alikataa kitanda kile kisisogezwe hata watu wa msibani walipokosa pa kukaa. Alikaa na yule kuku mpaka vifaranga wakatoka, na alipowaona akalia kwa sauti. Hakuwa amelia makaburini.

Nilidhani atazoea. Lakini macho yake yameingia ukungu, na safari hii nilimkuta amejikata akipara samaki, amefunga kidole kwa ukili na hajamwambia mtu. Nikamwambia twende. Akanijibu kwa ule msemo wa watu wa bahari, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na yeye ngama yake, pa kurudia, ni pale. Tukabishana siku kadhaa, na mwisho likatoka lililokuwa likimsumbua.

"Nani atakuwa anamfagilia mama yako kaburi?"

Hata mimi, mama, nilikuwa nikijiuliza hilo hilo. Jirani yako Mama Zuhura akasema atakufagilia yeye kila Alhamisi jioni, na kwamba ana udaku wa mwaka mzima wa kukusimulia. Ndipo Baba akakubali, kwa shingo upande.

Nikafanya kila kitu ulichonifundisha. Paka wa sasa ni kitukuu cha yule wa kwanza, jina ni lile lile na tabia ni ile ile, sikio la kufa. Nilimfunika kanga yako ya kahawia. Nahodha wa siku hizi ni kijana, hajali paka, alitaka tu kumpiga picha kwa simu. Kwenye basi sikutaja jina la kituo hata kimoja. Nangurukuru nilifumba mdomo, nikasikia paja linaniwasha.

Tulipofika, nilimzungusha Haambiliki mafiga mara tatu, ingawa mimi napikia gesi na mafiga ilibidi niyapange upya kwa ajili yake. Nikampaka mafuta. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu imepauka kwa safari, ametazama upande wa mlango. Hakutania. Nikachukua mafuta yale yale nikampaka na yeye nyayo zote mbili, nikasema ni kwa ajili ya ukavu. Kuku nikawafunga kwenye mguu wa kitanda chake.

Asubuhi ya pili kitanda kilikuwa kitupu. Nilimkuta barabarani, na mkoba wake, amevaa kofia ya Ijumaa. Alisema anakwenda mara moja tu kukufagilia, atarudi. Hawezi kutofautisha basi na lori, mama. Alikuwa akipungia kila kinachonguruma, na basi lenyewe lilipopita aliinua mkono limeshafika mbali. Nilimshika mkono tukarudi. Kesho yake akaenda tena. Nilisimama naye pale kando ya lami, magari yakitupiga vumbi, nikajiambia kwamba nimemfunga kila kuku, nimempaka paka, na kiumbe mmoja tu ndiye niliyesahau kumfunga. Niliogopa. Niliona kabisa siku atakayopanda gari lolote na kufia njiani akikutafuta.

Mtetea wetu mmoja, wa kishingo kama bibi zake, alikuwa ameshaanza kutaka kulalia. Nikaenda kwa jirani, nikaomba mayai, nikamwekea uvunguni mwa kitanda cha Baba wakati yeye yuko msikitini.

Aliporudi alimsikia kuku akinguruma chini ya kitanda. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akapapasa kwa muda mrefu. Nilikuwa mlangoni nachambua mchele, kichwa chini.

"Mwanangu," akasema, "kuku aliyetoka safarini hatagi upesi hivi. Huyu mayai kayatoa wapi?"

Nikasema labda alikuwa akiyaficha. Kisha, mama, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukuzike. Akakaa sakafuni, akanisimulia. Yale mayai uliyoyakuta uvunguni kisiwani aliyaweka yeye. Aliyachukua kwa jirani, akayapitisha mbele yako ndani ya kofia, wewe ukiwa unakaza fundo la mzigo wako. Alikuwa anaogopa kukwambia ubaki, kwa sababu wewe hukuwahi kumwambia yeye asiende baharini.

Nikamuuliza kama ulikufa bila kujua.

"Alijua siku ile ile," akasema. "Nilibabaika gizani. Yai moja lilikuwa la bata."

Mama. Wewe uliyekuwa ukijua yai la kuku gani ni lipi kwa kulishika tu. Uliingiza mkono, ukalipapasa la bata, ukaelewa kila kitu, na badala ya kumwumbua ukakaa kitandani ukasema utaondoka vifaranga wakitoka. Halafu ukalilea lile yai karibu na jiko. Miaka yote hiyo nilidhani kuku ndiye aliyekuzuia. Nimelia, na nimefurahi, na nimekuonea wivu kidogo, vyote kwa pamoja.

Baba aliuchukua mkoba wake, akautundika nyuma ya mlango bila kuufungua. "Haya," akasema. "Nitaondoka vifaranga wakitoka."

Najua atakwenda. Nitampeleka mwenyewe, tukufagilie kwa mikono yetu, halafu nitamrudisha. Lakini jambo moja bado linanichoma na lazima niliseme. Ulituambia kiumbe uliyemlisha humwachi nyuma. Hukutuambia tufanye nini na aliyetulisha. Sisi tumehamia kwenu, na wewe umebaki kwetu, chini ya mchanga wa kisiwa ulichosema hata kuku wake hawakujui. Mikorosho yako imeanza kutoa maua. Nikipita chini yake jioni nakukumbuka mpaka natamani kukuita, na wakati mwingine nakuita.

Lala salama, mama. Mungu akupanulie hapo ulipo, na Mama Zuhura asikuchoshe kwa udaku.

Leo asubuhi nilirudi kwa jirani nikaomba yai moja la bata, nikalisukumia chini ya kuku pamoja na mengine. Mchana Baba aliinama kuyakagua kama kawaida yake. Mkono wake ukalifikia, ukasimama hapo. Akalipapasa, akalirudisha polepole kwenye joto.

Mwanao,
mbeba paka