Ami, Usiagize Ile ya Haraka

Mabela Kusini,
Muscat, Oman.
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mpendwa Ami Humaid,

Assalaamu alaykum, na shikamoo kutoka kwangu. Hujambo Ami? Goti lako linasemaje na baridi hiyo? Baba anasema huko kwenu theluji itaanza wakati wowote. Ile fulana nene ya sufi unaivaa, au imebaki sandukuni? Na chakula unakula? Siulizi kwa ada tu. Nataka kujua kweli: jana usiku ulikula nini?

Sisi huku tu wazima. Joto limepungua kidogo, sasa mtu anaweza kukaa barazani baada ya alasiri bila kukimbilia ndani. Mama amepona kifua. Baba akirudi kazini bado analala kitini na miwani usoni, na ukimwondolea anaamka na kusema hakuwa amelala. Mbele ya nyumba yetu, kile kiwanja kilichokuwa na mchanga mtupu ulipokuja mara ya mwisho kimejengwa. Nyumba ni kubwa na nyeupe, na hakuna aliyehamia bado.

Najua utashangaa kupata karatasi. Ijumaa tukikupigia baada ya chakula, simu inaanza kwa Baba, inakwenda kwa Mama, kisha kaka Yaarub anakaa nayo mpaka chai inapoa. Ikinifikia mimi wewe umeshachoka. Unaniuliza, "Balqees, khabari zako?" Nasema, "Alhamdulillah, Ami." Nakuuliza zako, nawe unasema, "Alhamdulillah, mwanangu." Basi, simu inarudi kwa Baba. Nimejaribu pia kukuandikia ujumbe kwenye simu, nikaufuta mara sita. Kwenye karatasi naona aibu kufutafuta, basi yanabaki.

Barua hii atakuletea Muatasim, mtoto wa jirani yetu anayesoma huko. Anaondoka Alhamisi, na ameniahidi kukufikishia Ijumaa jioni. Tafadhali isome siku hiyo hiyo, usiiweke mpaka Jumapili. Utaona sababu.

Kuhusu mimi, umesikia kwamba nilimaliza skuli mwezi wa sita. Nilikosa alama chache za Fizikia kupata kozi niliyoitaka, kwa hiyo nimejiandikisha kuurudia mtihani. Wijdan, tuliyekaa naye dawati moja miaka mitano, yuko chuoni Nizwa. Alinitumia picha ya kitanda chake kipya na dirisha lake, na tangu hapo hana nafasi. Asubuhi kila mtu anatoka, nabaki mimi na Nakimuli, msichana wa Uganda anayetusaidia kazi za nyumbani. Kuna siku sauti ya kwanza ninayoitoa ni ya kumjibu yeye kama nataka mayai.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wiki tatu zilizopita ulituma kwenye kundi la familia picha za mashine tatu za kujazia upya maganda ya risasi zako za kupigia shabaha uwanjani, ukauliza, "Ipi?" Ukaongeza kwamba ile ya zamani ni kazi ya watu wawili. Ulipata vidole gumba kumi na moja na maua manne, na Bibi wa Sidab, aliyedhani unasafiri, akakuombea dua ya safari. Hakuna aliyekujibu.

Mimi nilizitazama mpaka nikazijua. Ya kwanza ndiyo ya haraka: ukivuta mpini mara moja, maganda manne au matano yanafanyiwa kazi kwa pamoja, kila moja kwenye hatua yake, na risasi nzima inaangukia kisandukuni. Hizo mbili nyingine zina kichwa cha duara juu, kimefungwa kalibu nne za chuma, moja kwa kila hatua, na chini yake panakaa ganda moja tu. Unalivutia mpini, kichwa kinazunguka, unavuta tena, mpaka limekamilika ndipo unachukua jingine. Tofauti yao ni kwamba moja kichwa chake kinajizungusha chenyewe, na ile nzito nyeusi unakizungusha kwa mkono.

Nakumbuka kiangazi kile nilipokuja kwenu na Baba. Katika wiki sita zile, pahala nilipopapenda kuliko pote ni kile chumba cha chini ya nyumba chenye meza yako, kwa sababu hakuna aliyenitaka nizungumze. Wewe ulitia baruti kwenye maganda hamsini yaliyosimama ubaoni, na Bi Mahbuba, Mungu amrehemu, aliyapitia moja moja na tochi yake ndogo. Alimulika ndani akasema, "Imo." Linalofuata, "Imo." Hukuweka kichwa cha risasi juu ya ganda mpaka ulisikie neno lake. Siku moja ulimwambia, "Bibi weye, nimepima kwa mizani, unanishuku?" Akakujibu bila kuinua uso, "Nakushuku tangu siku ya harusi." Mimi nilikuwa napanga zilizokwisha kwenye visanduku, nikacheka mpaka nikaziangusha.

Kwa hiyo mwezi wa nane ulipoandika kwamba uwanjani risasi yako moja ilifanya "tup" badala ya kulia, na kichwa chake kikakwama mtutuni kwa kuwa ganda halikuwa na baruti, mimi sikucheka. Wewe uliweka uso wa kucheka na wote wakakufuata. Mimi nilikwenda kusoma. Nikasoma kwamba mtu asipotambua, akapiga nyingine nyuma ya ile iliyokwama, mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wake. Nawe ulitambua kwa sababu mtu wa pembeni alikupigia kelele usimame. Hilo uliliandika mwishoni kabisa, kama kitu kidogo.

Ami, haikuwahi kutokea kwako alipokuwapo Bi Mahbuba. Si kwa sababu huijui kazi. Ni kwa sababu sasa uko peke yako mezani, na fikra zako, samahani nikisema, haziko hapo.

Jumatano iliyopita Yaarub alipeleka gari gereji Darsait, nikamwomba anichukue. Kuna Mzee Amur, anayechonga vyuma karibu na gereji ile, naye amezaliwa Unguja kama Babu. Nilichapisha picha zako tatu nikazikunja mkobani. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu mpaka akazima mashine yake akaniuliza, "Binti, umepotea au umetumwa?" Nikampa karatasi. Alizitazama moja moja, akauvuta mpini hewani kwa mkono wake kama anaipima.

"Hii ya haraka," akasema, "inataka mtu mwenye macho yake mawili na akili yake yote. Ami yako anavyo?"

Nikasema, "Macho anayo."

Yaarub alicheka mpaka akashika ukuta. "Loo! Balqees kapata ulimi leo!" Lakini sikuwa natania, na Mzee Amur hakucheka. Alinionesha kwamba ile nyeusi ya kuzungusha kwa mkono imeachwa wazi mbele, kwa hiyo baruti ikishaingia, mtu anaweza kuinama akatazama ndani ya ganda kabla ya kuendelea. Ile inayojizungusha ina fito na vijiti vinavyokinga njia ya jicho. Nilimuuliza je, mtu akisahau kuzungusha? Akasema, "Akisahau, ana ganda moja tu mbele yake. Alimwage, aanze tena. Kwenye ile ya haraka atayatafuta matano."

Basi nilikuwa na jibu. Ijumaa nilikaa na simu ikizunguka, maneno yangu nimeyapanga. Yaarub akanitangulia. "Ami, chukua ile ya haraka!" akasema. "Unakaa kule chini saa tatu nzima kufanya nini? Nusu saa umemaliza, unapanda zako juu." Nikakusikia ukijibu, kwa sauti ambayo si yako, "Kweli, nataka nimalize tu. Nitaiagiza mwisho wa mwezi." Simu ikanifikia. Ukaniuliza khabari zangu. Nikasema Alhamdulillah, nikampa Baba simu, nikaenda jikoni kuosha gilasi zilizokwisha kuoshwa.

Yaarub hana ubaya. Anakupenda, na anapenda kila kitu kiende mbio.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiagize ile ya haraka. Chukua nyeusi ya kuzungusha kwa mkono. Utatengeneza chache kwa saa, lakini kila moja utakuwa umeitazama ndani. Na siku ambayo huwezi kutazama, uwache, upande juu.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo zito kuliko la mashine. Naomba ukae kwanza.

Jana nilipiga simu kwenye duka lile ulilotupeleka kununua visanduku, la yule mzee wa ndevu nyeupe. Nilitaka kujua kama wanayo hiyo nyeusi. Unajua mimi hata kuagiza chakula kwa simu namwomba Mama. Nilifanya mazoezi siku nzima jikoni. Nakimuli alishika kijiko sikioni akasema, "Haya, mimi ndiye Mzungu, sema." Nikasema Kiingereza maneno mawili nikakwama. "Mzungu amekata," akasema, "ana wateja wengine. Piga tena." Nilipiga tena kijiko chake mara tisa. Baada ya isha, huko kwenu wakiwa wamefungua asubuhi, nikapiga simu ya kweli.

Mzee yule alikuwa mpole. Akasema ipo moja. Nikamwomba aiweke kando kwa jina lako mpaka mwisho wa mwezi. Nilipolitaja jina akaniuliza, "Humaid ni mzima? Hatujamwona uwanjani tangu mwezi wa nane."

Ami, jibu letu la siku zote lilikuwa limeshafika ulimini. Sijui kwa nini halikutoka. Nikasema, "Hapana, si mzima. Mkewe amefariki mwezi wa tatu."

Hakuwa anajua. Ami, hakuna aliyemwambia. Akasema kwamba Bi Mahbuba kila Jumamosi alikuwa akimletea maandazi ya iliki, na kwamba alikuwa akijiuliza amemkosea nini mpaka hapiti tena. Miezi saba mtu huyu amedhani amemuudhi. Sauti yake ilibadilika, nami nikalia, naye akaningoja nimalize, mtu nisiyemjua hata jina.

Akasema hutakuja dukani, atakuja yeye. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ataitia mashine garini na kuileta kwako uitazame, na usipoitaka ataondoka nayo. Nilimwambia asije bila khabari, kwa desturi yetu haifai. Akaniuliza, "Ukimpa khabari, atakubali?" Nikasema khabari nitakupelekea mimi. Ndiyo maana nakuandikia.

Najua nimetoa siri ya nyumba kwa mtu wa nje. Baba hajui, Mama hajui. Najua kwetu mtu hapeleki huzuni yake dukani. Nimekaa na jambo hili tangu jana. Ukikasirika, nikasirikie mimi peke yangu, usimkasirikie mzee wa watu. Lakini sijutii, Ami. Nimejaribu kujuta na sikuweza.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli, mimi pia si mzima sana. Mchana hapa ni mrefu. Nasoma ukurasa mmoja wa Fizikia mpaka unakuwa picha tu. Wakati mwingine nafikiri wewe huko chini ya nyumba yako na mimi hapa chumbani kwangu tumekaa namna moja, na hakuna anayejua kwa sababu tukiulizwa tunajibu vizuri. Sikuandikii uniletee dawa. Nimeona tu kwamba jana, baada ya kuiweka simu, nilikula chakula changu chote, na Nakimuli akaniuliza kama ninaumwa.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Yaarub anakusalimu, na akijua nimempinga atanisema mwezi mzima. Bibi wa Sidab anakupa salamu na anauliza safari yako ni lini. Nakimuli hakujui, lakini anasema mwambie Ami wako kijiko kimemsalimu. Nisalimie jirani yako yule anayekufagilia njia ya theluji.

Mungu akulindie macho yako na mikono yako, akupe usingizi wa kutosha, na amlaze Bi Mahbuba pahala pema pa rehema yake.

Jumamosi saa nne mlango ukigongwa, utakuwa unamjua ni nani. Mashine unaweza kuikataa, Ami. Yeye mfungulie, umtilie chai, na akikuuliza hali yako, usimjibu kama unavyotujibu sisi.

Mtoto wa ndugu yako akupendaye,

Balqees