Unywele Kwenye Mpira wa Kasha

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu Mjuaji,

Pokea salamu za dada yako, yule uliyekuwa ukimnyang'anya shuka usiku. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Unakula, unalala? Sisi hatujambo kiasi. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi. Mimi ni mzima, ila nimekasirika, tena sana. Barua ya kwanza niliichana, nikanywa maji, nikaanza upya. Kwa hiyo kaa kitako usome.

Nianze na Baba, kwa kuwa ndiye chanzo cha haya yote. Daktari wa macho amesema yale yale: kilichokwenda hakirudi. Pembeni haoni tena. Anaona katikati tu, kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Huenda mwakani asizione sura zetu. Unamjua, si mtu wa kuomba. Ameomba kitu kimoja: auone mshono wake. Lile lango la chini kule bwawani alilichomelea ujanani alipokuwa mzamiaji, chini ya maji, gizani, kwa kupapasa, na maisha yake yote hajawahi kuliona. Sasa mzamiaji wa pale ni mimi. Nikamwahidi picha.

Ndiyo maana nilikuomba vitu vitatu. Kamera ndogo ninayo. Nilitaka kasha la kuzuia maji linaloingiana nayo, lensi pana ya kufunga nje ya kasha, na flashi yenye mkono mrefu. Nilikuandikia, nikakupigia simu, nikakuchorea hata mchoro. Ukasema, "Dada, niachie mimi." Nikakuachia. Loh!

Umenitumia nini, Mjuaji? Kasha sikatai, kamera inakaa vizuri na vibonyezo vyote vinafika. Lakini lensi! Umeniletea lensi ya kukuzia vidudu. Hiyo ni ya mtu anayepiga picha jicho la samaki mdogo kwenye maji maangavu, mtu mwenye nafasi yake. Mimi nikiisogeza langoni nitapata kutu ya ukubwa wa ukucha, basi. Maji yetu ni chai ya rangi, huoni kupita urefu wa mkono wako. Kwenye maji kama hayo unasogea karibu kabisa, ili uchafu ulio kati yako na kitu uwe kidogo. Na ukisogea hivyo unahitaji lensi pana, la sivyo kitu hakiingii chote. Ni jambo la kukushinda wewe hilo?

Na hiyo flashi! Mkono wake mfupi kama wa kikombe, umeikalisha juu ya lensi kama kofia. Picha zangu za kwanza, zile za kamera ya kuazima, si nilikutumia ukaziona? Mwanga ukitoka pale pale ilipo lensi, unapiga kila chembe ya tope iliyo mbele, zote zinang'aa, na picha inakuwa kama mtu amepeperusha unga. Mwanga unatakiwa utoke pembeni, mbali, uje kwa mshazari. Nilisema mkono mrefu. Mrefu! Wewe ukaingia dukani, muuzaji akakuvisha kilemba cha ukoka, akakuambia una jicho la kitaalamu, ukatoka na vinavyong'aa. Halafu ukaweka na kikadi juu: "Nimekuchagulia vya kisasa kabisa." Kisasa kichwa chako!

Ingeishia hapo ningekununia mwezi mmoja, kama kawaida yetu, halafu yakaisha. Haikuishia hapo.

Sheria ya Baba unaijua, maana tumekua nayo. Chombo kipya hakiaminiwi mpaka kizame kitupu. Tangu enzi zake na wenzake, kila taa na kila kisanduku kilitangulia chini bila kitu, na leso nyeupe ndani. Leso ikirudi kavu, ndipo kazi inaanza. Basi nikaweka leso, nikalifunga kasha, nikalizamisha kwenye pipa la maji uani na kulikandamiza kwa tofali. Baba kwenye kiti chake, roho juu. Nikalitoa. Leso chepechepe!

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikakutukana, sikufichi. Baba akasema tu, lete. Akalipakata, akautoa ule mpira wa duara unaoziba mlango wa kasha, akawa anaupitisha vidoleni taratibu, macho kayafumba, kama afanyavyo siku zote. Akafika mahali akasita. Akachomoa unywele. Unywele mmoja tu ukilala pale, maji yanapita. Nikajua ni wako, nikaanza matusi upya. Baba akaubingirisha kidogo kati ya kidole na kidole.

"Huu si wa mtu mzima," akasema. "Huu ni wa mtoto mdogo."

Nikacheka. Kisha nikalichukua kasha nikaenda nalo juani. Kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, kuna alama ya kidole kidogo kama punje ya haragwe, tena kilikuwa na kitu cha kunata. Nikaigeuza flashi. Kifuniko chake cha mpira kimetafunwa. Alama za meno, mawili juu, mawili chini.

Mjuaji. Una mtoto wewe!

Na ile sauti ya kilio kila tukiongea kwenye simu? Ukasema televisheni ya jirani. Televisheni gani inalia Jumapili hadi Jumapili? Nami zuzu nikakuonea huruma, nikasema maskini mdogo wangu, amepanga chumba chenye kuta nyembamba.

Sijui unaogopa nini. Kama hamjaoana, sema. Kama mama yake si wa kwetu, sema. Baba aliwahi kumfukuza nani nyumba hii? Hata yule paka aliyetumalizia nyama bado yumo, amenenepa. Umekaa kimya miezi yote hiyo, maana mtoto mwenye meno hakuzaliwa jana, na huku unajua, nilikuambia kwa mdomo wangu, kwamba macho ya Baba yanakwenda. Hapo ndipo uliponikata maini. Lensi ningekusamehe.

Nilidhani Baba naye atawaka. Hakuwaka, na hilo limeniudhi zaidi, kwa sababu sasa hasira ya watu wawili naibeba peke yangu. Aliuliza tu, wa kike au wa kiume? Hata hilo silijui, mimi shangazi mtu! Unywele ameufunga kwenye kipande cha karatasi, ameutia mfuko wa shati. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, flashi nitaazima kwa wenzangu kazini, lensi nitahangaika, picha ya lango lazima ataipata. Akatikisa kichwa.

"Lango nimelishika," akasema. "Huyo sijamshika."

Kwa hiyo lensi pana usitume tena. Mkono mrefu usitume. Usithubutu kutuma picha kwenye simu ukadhani umemaliza, wala usiniandikie maneno ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Omba likizo. Mbebe mtoto, na mama yake pia kama ataweza kuvumilia ukoo wa watu wa kelele, mje. Mje mapema, wakati lile tundu bado linatosha uso mmoja mdogo.

Mama anakusalimu sana. Siku hiyo hakuwepo nyumbani, hajui kitu, na mimi simwambii. Utamwambia mwenyewe, nami nitakuwa nimesimama mbali. Salamu zake ni za moyo mweupe, zipokee kwa aibu. Shangazi naye anakusalimu, anauliza utaoa lini, mjibu wewe. Baba hakutoa salamu. Anasema zake atazikabidhi mkononi mwa mwenyewe.

Mungu awalinde wote mlio chini ya paa hilo, na wewe akuongezee akili japo kidogo.

Wako akupendaye, leo kwa shingo upande,
Dada yako.

Nimesahau: kasha nimelikausha, mpira nimeupaka grisi na kuurudisha. Kioo sijakifuta. Baba amekataza.