Maganda Yakishashiba

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Gesima tumeamka salama, mvua imerudi na chai inachunwa. Umeniomba gunia la maganda ya ndizi, wewe na wenzako mjaribu kunasa madini ya risasi kwenye maji machafu ya kiwanda. Nimeyaanika, lakini kwa hofu.

Nikiwa msichana, mama na mimi tulizoea kuokota maganda ya kulisha ng'ombe sokoni Daraja Mbili. Siku moja tuliyatoa mtaroni, chini kidogo ya kibanda cha fundi wa betri za magari, aliyemwaga humo maji yenye risasi hiyo hiyo. Mama alifurahi: “Haya yameshaoshwa!”

Baada ya siku chache ng'ombe akawa haoni, akizunguka uani akigonga ua. Mengine sitayaandika. Mama alimwaga maziwa yote, lakini ya asubuhi tulikuwa tumeshakunywa, na mdogo wangu alikuwa ameongezewa kikombe.

Kwa hiyo naamini maganda hushika sumu. Ninachoogopa ni kesho yake. Maji yatatoka safi, mtapigiwa makofi, na maganda yatabaki pale yakionekana kama chakula. Hapo jirani hakuna anayefuga?

Gunia nimelifunga, liko mlangoni. Silitumi mpaka uniambie mtayaweka wapi yakishashiba.

Nyanya yako, Gesima.