Chembe Zilizopita Bila Kugongana

Kwa Marko, Mikumi,
Wilaya ya Kilosa.
Jumamosi, 17 Agosti 1974.

Mpendwa Shangazi Yunis,

Shikamoo. Habari za Tabora? Na mguu wako, bado unakusumbua kwenye baridi? Mimi mwili mzima, ila roho inaniuma. Naona haya hata kukuandikia.

Shangazi, siendi tena Ulaya. Lile sweta ulilonifumia sijui nilivae wapi.

Nilichaguliwa kwenda kusoma huko kwa ile hesabu yangu ya chembe ndogo kupita vumbi, kwamba zikigongana zitatawanyikaje. Hesabu hiyo ina alama za kuumba chembe na alama za kuzifuta. Mpangilio wa kawaida, ndivyo tunavyouita, unataka za kuumba zikae kushoto na za kufuta kulia, ili mahali patupu pahesabiwe patupu. Lakini alama zikipishana huacha baki, na baki hilo ndilo linaloonyesha mgongano. Mimi nilizihamisha tu, baki nikalisahau. Chembe zangu zikapita kama watu wasiojuana, nami nikadhani nimegundua jambo jipya!

Mwalimu wangu wa chuo alinionyesha kosa siku niliyokwenda kumuaga. Nafasi amepewa mwingine.

Laiti ningenyamaza kijijini. Pale Lumuma, Mchungaji Danieli alinitangaza kanisani siku ya shukrani ya mavuno. Watu wakaacha shamba la ujamaa wakanisindikiza hadi stesheni ya Kilosa, akina mama wakiimba. Nimekula kuku wao, Shangazi, na kila aliyeniuliza habari nilimjibu kwa maringo kama mkuu wa wilaya.

Basi nikajificha hapa kwa Marko, mtoto wa mama mdogo. Jana Baba akanifuata. Nilimweleza yote. Akasema, "Turudi. Ila tuingie giza likishatanda, watu wasikuone."

Sikuwahi kumwona Baba akinionea aibu. Iliniuma kuliko hesabu yenyewe. Nikamkatalia, mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamwomba tuingie kesho Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, niwaambie mwenyewe kwamba nilikosea.

Na sasa hivi ameazima pasi ya mkaa kwa Marko, ananyoosha shati langu la kesho.

Nisalimie Sesilia na Ulimboka. Marko anakuamkia. Mungu aushike mguu wako na akutunze.

Wako akupendaye, hata katika fedheha hii,
Lazaro