Hodi ya Mama Consolée mu parti ya saba

Mama Olga mpendwa, nisaidie, lakini mbele ya kunisaidia ujue kwanza nani anakuandikia, juu ya hapa Kasenga hakuna muntu asiyenijua, minye njo mufasiri wa filme mu nyumba ya video ya Papa Ndayisenga, yaani filme inakuja na lugha za huko mbali ambazo hata wenyewe sijui kama wanazielewa, minye nakaa pembeni ya télé na mikro, nawasemesha Kiswahili wote, baba, mama, polisi, hata mbwa, na masomo nilifika tu mwaka wa pili wa sekondari lakini wenye diplome wanapanga mustari kuja kunisikiliza, hiyo usiiruke ukisoma redioni.

Sasa iko filme moja ya kuogopesha, yenye parti nyingi, sisi tunaiita Mulango. Parti ya kwanza ni mwanamke aliyekufa anabisha mulango, basi, humwoni, unaona tu kivuli cha miguu chini ya mbao, na mule ndani mwetu, muchana kabisa, na mablanketi tumeyatundika madirishani kufanya giza, wanaume wenye ndevu walikuwa wanashikana mikono. Ya pili ilitisha. Ya tatu ilitisha nusu. Ya nne wakamwonyesha uso, ya tano akapanda ndege, Mama Olga, muntu aliyekufa anatafuta kiti chake mu ndege, na ya sita wakamupatia mume, watu wakaanza kula karanga na kuulizana habari za mvua, na rafiki yangu Jeancy, motard mwenye kelele kuliko pikipiki yake, akasimama mbele ya wote akasema:

«Bandugu, huyu mama ameshazoea. Mumupatie na yeye nafasi kwa benchi, akae, atazame.»

Wakacheka, na hawakumcheka mwanamke wa filme, walinicheka minye, juu ya sauti ya yule mwanamke ni sauti yangu.

Hapa njo jambo lenyewe linaanzia. Kulikuwa Mama Consolée, muuza ndagala wa kwetu, wale samaki wadogo wa ziwani, kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba na beseni, na hodi yake haikuwa ya kubisha mbao, alikuwa anagonga beseni na pete, ti ti ti, kisha anasema: «Benye nyumba, muko? Minye nimefika.» Kila mutoto wa Kasenga ameamshwa na sauti hiyo, hata Jeancy. Alikufa mwanzo wa kiangazi, ugonjwa wa tumbo, matanga yake bado hayajaondolewa. Basi siku iliyofuata, parti ya sita tena, Jeancy yuko mbele na karanga zake, na minye nina hasira, yule mwanamke alipofika kwa mulango nikaacha maneno yote niliyozoea, nikagonga mikro na pete, polepole, ti ti ti, nikasema mu bafle, lile sanduku la kutoa sauti, kwa sauti ya Mama Consolée yenyewe: «Benye nyumba, muko? Minye nimefika.»

Mama Olga, mabenchi yalivunjika. Jeancy alipita dirishani na blanketi yetu, akafika kwake na kiatu kimoja. Tangu siku hiyo naitwa Dokta Woga, mpaka wapakuzi wa kule bandarini wananisalimia hivyo, na Papa Ndayisenga akasema parti ya sita irudiwe kila siku, filme ileile mbovu, ndege, mume, watu wanavumilia yote wakingoja pete.

Muntu mumoja peke yake hakukimbia. Ni Délice, binti ya marehemu, rika yangu. Watu walipotoka alibaki ameketi karibu na bafle, nikajua kofi linakuja, nikashusha mikro.

«Weye,» akasema, «umesahau kikohozi.»

«Kikohozi gani?»

«Mama alikuwa anakohoa kidogo mbele ya kusema ‹muko›. Juu ya vumbi. Tia kikohozi.»

Nikatia. Ningefanya nini? Kesho yake akarudi, na kesho yake tena, anakaa palepale, hatazami télé, anatazama bafle, na akitoka ananiachia ndagala zimefungwa mu karatasi, anasema aksanti, hata siku moja hajalia. Kisha mama yake mukubwa, Mama Niyonsaba, anayemlea sasa, akanikamata njiani karibu na kanisa.

«Njo weye Dokta?»

«Wananiita hivyo, mama.»

«Mutoto yangu haendi tena kuuza. Beseni iko chini, imegeuzwa. Anaamka, anaoga, anangojea saa ya filme yako. Sasa dokta, ugonjwa huo utauponyesha na nini?»

Nikajifanya nasikia Papa Ndayisenga ananiita, nikakimbia.

Jumamosi hii inaingia parti ya saba. Papa Ndayisenga amempatia Jeancy megafoni, anazunguka nayo na pikipiki mpaka njia ya Luberizi: «Mufu wa kwetu anarudi, mwenye moyo mwepesi abaki kwake.» Na minye hiyo parti nimeshaitazama peke yangu, haitishi hata kuku, mwanamke amefungua masomo, anafundisha wafu wenziwe kubisha. Yaani kama siyo sauti yangu, Jumamosi watu watalala. Na juzi Délice akanifuata pale ninapopanga mabenchi.

«Mu parti ya saba, mufungulie mama.»

«Filme njo inaamua, siyo minye.»

«Uongo. Weye njo unasema. Aingie. Aseme jina yangu, mara moja tu, kisha siji tena.»

Nikamwambia nitaona. Akacheka kidogo, na kicheko hicho, nakuambia kweli, kimenitisha kuliko parti zote saba ukizifunga pamoja. Tangu pale sikai. Naanza kula, nasimama. Naenda mpaka ziwani, narudi, sijui nilienda kufanya nini. Mulango ukibishwa kwetu nanyamaza, jana dada yangu mudogo amesimama nje na maji kichwani ananitukana na minye niko chini ya kitanda, Dokta Woga mwenyewe. Nikisema jina la Délice mu bafle, nitakuwa nimefanya nini? Nisiposema, nitamvunja. Na nikiacha ile sauti kabisa, Jeancy ataanza tena na benchi yake, na jina langu litakufa. Nijibu basi: parti hizi zilizofuata ya kwanza bado zina woga wao wenyewe, ao kazi yote wameniachia minye? Na usiseme nampenda Délice, hakuna mahali nimeandika hivyo.

Ni minye, Dokta Woga, Kasenga


MAMA OLGA ANAJIBU

Dokta, nilianza kukusoma nikicheka, na nilipofika kwenye kikohozi nikaweka karatasi chini.

Nikujibu kwanza lile jepesi. Hizo filme nimeziona, wanangu wanazileta nyumbani. Parti ya kwanza nilifunga madirisha nikamwita mume wangu aje akae karibu, nikimdanganya kwamba kuna baridi. Ya tano nilikuwa nachambua mchele wa Luberizi na hakuna jiwe hata moja lililonipita. Kwa nini? Walituonyesha uso wake, wakatuambia jina lake, wakampa ndege na mume. Wamemfanya jirani, na jirani hatishi, jirani anakuja kuomba chumvi. Kwa hiyo hapana, woga wao umekwisha, umeishia pale walipofungua mlango. Wanatengeneza parti nyingine kwa sababu watu kama Papa Ndayisenga bado wanazitafuta.

Sasa lile zito, na hapa uketi. Mama Consolée alibisha kwenu miaka yote na hakuna mtoto aliyejificha. Mlifurahi, mlijua kuna mboga. Wewe umechukua hodi ya chakula ukaifanya hodi ya kifo, kwa sababu ya karanga za Jeancy. Leo Kasenga nzima ikisikia beseni linagongwa, inaruka. Hukumwibia marehemu sauti tu, umewaibia na waliobaki namna ya kumkumbuka. Na matanga bado yako mlangoni. Kijana wa hapa, aliyelelewa na watu, hajui kwamba marehemu ambaye matanga yake hayajaondolewa haigizwi? Unajua. Ndiyo maana uko chini ya kitanda.

Huyo binti hajapagawa, watoe watu wasiwasi huo kabla hawajampeleka kuombewa. Fikiria: watu walikuja, walikaa, walipika, wakarudi kwao, na tangu hapo kila mmoja akimwona anaogopa kutaja jina la mama yake. Mahali pekee mama anapotajwa ni kwenye bafle lako. Wewe ungekaa wapi? Lakini anachoomba sasa usimpe. Ukisema jina lake Jumamosi, Jumapili ataomba jingine, na wewe hutakuwa na mwisho, utakuwa parti ya nane, ya tisa, ya kumi, na yeye ataketi pale mpaka nywele zibadilike rangi.

Fanya hivi. Kabla ya Jumamosi, mchana, uende kwa Mama Niyonsaba, na usiende peke yako kama mtu anayekwenda kuposa, maana hilo nalo nimelisoma ingawa hukuliandika. Umwambie Papa Ndayisenga akupeleke, yeye ndiye aliyejaza nyumba kwa sauti ya marehemu, na yeye ainamishe kichwa. Ombeni msamaha nyote wawili mbele ya mama mkubwa. Kisha mwambie Délice mwenyewe, kwa mdomo wako, bila mikro: «Sitasema jina lako, kwa sababu mimi si mama yako.» Atakasirika. Huenda atalia, kilio alichokichelewesha tangu kiangazi. Usikimbie na usichekeshe, najua mdomo wako. Kaa palepale. Akinyamaza, muulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani asipokuwa na beseni, alicheka na nini, aliimba nini akifua. Sikiliza, na yale utakayosikia yasifike kamwe kwenye nyumba ya video. Jeancy naye azunguke tena na hiyo megafoni, njia ileile, aseme mufu wa kwetu harudi.

Na Jumamosi? Najua moyo wako uko huko hata sasa. Fasiri filme yako yote, polisi na mbwa. Yule mwanamke akifika mlangoni, acha pete mfukoni, funika mikro na kiganja, na unyamaze. Usijaze chochote. Kila mtu mle ndani ana hodi yake anayoingoja na anayoiogopa, na mimi nina yangu. Waache na mlango uliofungwa, kama parti ya kwanza. Kama Jeancy ataweza kutafuna karanga katika kimya hicho, nitafute, nitakuja kukaa kwenye benchi yake mwenyewe.

Kazi yako nyingine ni ya asubuhi, sijui ya lini, labda baada ya matanga kuondolewa. Siku moja Délice ataligeuza lile beseni, ataliweka kichwani, na atafika kwenu kwa sababu nyumba yenu iko njiani. Utasikia ti ti ti. Utoke chini ya kitanda, ufungue, ununue ndagala.

Mama Olga