Mtungi wa Mama

Alhamisi, baada ya Magharibi

"Mama, Ami Khamis, kaka Hamadi, wadogo zangu." Ndivyo nilivyokifungua kikao cha familia leo, kwa daraja la kila mmoja, kama niko kwenye mahafali ya skuli yangu. Yaliyofuata hayakuwa niliyoyaandaa.

Tangu Jumatatu tunaipamba nyumba hii ya Wete kwa ajili ya mnunuzi. Hamadi alipiga chokaa. Mimi nilisogeza makochi, nikauhamisha mtungi wa maji uliokaa miaka yote kando ya mlango wa ukumbi. Mdogo wangu Asha alinicheka: "Uondoe, Mwalimu, mnunuzi asije akadhani auziwa kisima."

Hakuna aliyekumbuka kwamba Mama haoni tena, na kwamba mtungi ule ndio uliokuwa ukimwonesha njia ya chumbani mwake.

Asubuhi nilimkuta amesimama katikati ya ukumbi, kata ya kuchotea maji mkononi, mkono wa pili ukipapasa hewa. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa adabu ya mgeni: "Mniwie radhi, wenye nyumba. Hapa mmenileta kwa nani?"

Nyumba itauzwa, ndugu zetu waliohama kisiwa baada ya ghasia za uchaguzi hawarudi, na gharama za kulitengeneza paa hatuziwezi tena. Hilo sikulibadilisha. Lakini nimewatangazia uamuzi: kesho, kabla mnunuzi hajapiga hodi, kila mmoja arudishe alichokihamisha mahali pake. Kwa siku alizobakiwa nazo humu, Mama asiwe mgeni.